VPN kwa amri moja tu: jinsi Linux inavyoipa programu mtandao wake

Waganda wengi waliijua VPN, ile njia ya kuupitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine, kwa sababu ya kodi. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo, na papo hapo watu wakaanza kupeana majina ya programu za kuikwepa. Waliokuwapo wakati wa uchaguzi wa Februari 2016, mitandao ya kijamii ilipofungwa, walikuwa wameshaionja. Kisha ikaja Januari 2021: Facebook ikafungwa, na hata intaneti iliporudi baada ya uchaguzi, Facebook haikurudi nayo. Ile kodi ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021 na mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando, lakini VPN ilikuwa imeshazoeleka kwenye simu za watu.

Tatizo ni kwamba tuliizoea kama kitu cha kuwasha na kuzima. Alama ya ufunguo ikitokea juu ya kioo, umo ndani. Isipotokea, uko nje. Kwenye simu maelezo hayo yanatosha. Kwenye kompyuta ya kazi hayatoshi hata kidogo, na malalamiko yake huwa ni yale yale: "Nikiwasha VPN, benki inanigomea. Nikiizima, kazi inagoma." Mtu anahudumia seva ya mteja aliye ng'ambo, seva inayowapokea tu wanaopitia VPN ya kampuni. Wakati huo huo anataka kuingia tovuti ya benki yake ya hapa Kampala, na benki ikiona anatokea Uholanzi inamshuku na kumfungia. Printa iko mezani, hatua mbili tu kutoka alipo, nayo imepotea. Basi anashinda siku nzima akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima.

Watumiaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, wana njia ya kuachana na usumbufu huo: kuiacha kompyuta nzima kwenye mtandao wa kawaida, na kuipeleka amri moja, au programu mbili tatu unazozichagua, kwenye VPN peke yake. Jambo lenyewe si gumu. Kinachowatatiza watu ni kwamba huelezwa jambo hilo kwa amri kumi za kunakili bila kuambiwa kila moja inafanya nini, na amri moja ikigoma hawajui pa kushika.

Tuanze na VPN yenyewe. Chochote kompyuta inachotuma hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda na ya ilikotoka. Anayeamua pakiti ipite wapi ni kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimama kati ya programu zako na vifaa. Kerneli ina orodha ya njia. Ukiandika `ip route` kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaiona, na kwa kawaida ni fupi: mstari mmoja unasema vifaa vya humu humu nyumbani vifikiwe moja kwa moja kwa Wi-Fi, na mwingine, unaoanza na neno `default`, unasema vingine vyote vipelekwe kwa ruta.

Ukiwasha VPN, mambo mawili hutokea. Kwanza, inaundwa kadi ya mtandao ya bandia, isiyo na waya wala antena. Pakiti ikiingia kwenye kadi hiyo husimbwa ili isisomeke, hufungwa ndani ya pakiti nyingine, kisha hutumwa kwa kadi ya kweli hadi kwa seva ya VPN, ambayo huifungua na kuiachilia mtandaoni kwa anwani yake yenyewe. Ndiyo maana tovuti inadhani uko Amsterdam na wewe umeketi Ntinda, hapa Kampala. Pili, ile orodha ya njia hubadilishwa ili kila kitu kipite kwenye kadi ya bandia.

Hilo la pili ndilo chanzo cha kero zote. Orodha ni moja kwa kompyuta nzima. Kerneli haijali kama pakiti imetoka kwenye kivinjari chenye ukurasa wa benki au kwenye amri ya kazi. Inatazama inakokwenda tu, na jibu sasa ni moja kwa wote.

Dawa, basi, ni kuwa na orodha mbili.

Chumba chenye mlango wake

Zile nyumba za kupanga za Kampala ambazo wenyeji huziita mizigo unazijua: vyumba vimejipanga mstari mmoja chini ya bati moja. Ua ni mmoja, bomba ni moja, mwenye nyumba ni mmoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake, na anayeingia kwa huyu hajaingia kwa yule. Kerneli ya Linux inaweza kuugawa mtandao wake hivyo hivyo. Programu iliyo ndani ya chumba inatumia faili zile zile, kumbukumbu ile ile na kichakato kile kile kama nyingine zote. Kilicho chake peke yake ni mtandao: kadi zake, orodha yake ya njia, hata ile anwani ya 127.0.0.1 ambayo kompyuta hutumia kujisemesha yenyewe.

Uwezo huu si mgeni. Ulianza kuingizwa kwenye kerneli toleo 2.6.24 mwaka 2008, na kama umewahi kutumia Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya makontena, basi umeutumia bila kujua, maana kwa kawaida kila kontena lina chumba chake cha mtandao. Jina lake la Kiingereza, network namespace, kwenye terminali hufupishwa kuwa `netns`, na chumba hujengwa hivi:

`sudo ip netns add chumba`

Neno `chumba` ni jina nililochagua mimi, weka lolote. Sasa jaribu kutoka nje ukiwa ndani yake:

`sudo ip netns exec chumba ping 1.1.1.1`

Utajibiwa `Network is unreachable`. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Chumba kipya hujengwa bila mlango wowote: hakina Wi-Fi, hakina waya, hakina njia. Ukimya huo ndio unaoutaka, kwa sababu mlango utakaoutia wewe ndio utakuwa wa pekee.

Kutia mlango

Nitatumia WireGuard. Ni VPN iliyoandikwa na Jason Donenfeld, ikaingizwa ndani ya kerneli ya Linux kuanzia toleo 5.6 la Machi 2020, na kwa kazi hii inaizidi OpenVPN, VPN nyingine iliyozoeleka, kwa mbali, kwa sababu nitakayoieleza punde. Ninachukulia kwamba mwenye VPN amekupa faili ya mipangilio na umeiweka kwenye `/etc/wireguard/wg0.conf`. Namba za anwani hapa chini ni za mfano. Zako zimo kwenye faili hiyo, mstari wa `Address` na wa `DNS`.

`sudo ip link add wg0 type wireguard`
`sudo bash -c 'wg setconf wg0 <(wg-quick strip wg0)'`
`sudo ip link set wg0 netns chumba`
`sudo ip -n chumba addr add 10.8.0.2/32 dev wg0`
`sudo ip -n chumba link set lo up`
`sudo ip -n chumba link set wg0 up`
`sudo ip -n chumba route add default dev wg0`

Mstari wa kwanza unaunda ile kadi ya bandia. Wa pili unaipa funguo na anwani ya seva. Kile kipande cha `strip` kipo kwa sababu amri ya `wg` haielewi mistari ya `Address` na `DNS`, hiyo ni lugha ya `wg-quick`, amri nyingine ya WireGuard, peke yake, kwa hiyo lazima iondolewe kwanza. Wa tatu unaihamisha kadi na kuiingiza chumbani. Mingine inaipa anwani, inaiwasha pamoja na `lo`, ile kadi ya 127.0.0.1, na inaandika njia moja tu kwenye orodha ya chumba: kila kitu kipite hapa.

Usibadilishe mpangilio huo. Ukiipa kadi anwani kabla ya kuihamisha, anwani inapotea njiani, kwa sababu kadi inapohama kerneli huizima na kuifutia anwani zake. Na ukiiunda kadi moja kwa moja ndani ya chumba badala ya kuihamisha, haitafanya kazi kabisa. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo ulipo ufundi wote.

Swali lenyewe ni hili: kama chumba hakina Wi-Fi, zile pakiti zilizosimbwa zinatokaje kwenda kwa seva ya VPN? Mlango wa pekee ni wg0, na wg0 yenyewe inahitaji mtandao wa kweli ili ifike Amsterdam. Inaonekana kama mtu anayejinyanyua kwa kuvuta nywele zake. Jibu ni kwamba kadi ya WireGuard hukumbuka ilikozaliwa. Ilizaliwa nje, kwenye mtandao mkuu wenye Wi-Fi, na soketi yake, yaani kituo cha kutuma na kupokea data inachotumia kuwasiliana na seva, inabaki huko huko daima, hata kadi yenyewe ikihamishiwa mahali pengine. Kwa hiyo mlango una pande mbili: upande wa ndani uko chumbani, ambako programu inaingiza pakiti za kawaida, upande wa nje uko uani, ambako zinatokea zikiwa zimesimbwa na kwenda zake kwa Wi-Fi kama pakiti nyingine yoyote. Programu iliyo chumbani haina namna ya kuiona Wi-Fi, wala haijui kama ipo.

OpenVPN inaweza kufanyiwa vivyo hivyo, ila lazima uandike skripti ya kuihamisha kadi yake baada ya muunganisho kukamilika, na muunganisho ukikatika na kuanza upya mambo huharibika kwa urahisi. Kama VPN yako ni ya OpenVPN na huna nguvu za kuhangaika, kuna programu iitwayo vopono inayojenga vyumba hivi yenyewe. Itumie, si aibu.

Kuipeleka amri

Tukiwa nje, amri ya kawaida, inayoiuliza tovuti ya ifconfig.me unaonekana kwa anwani gani:

`curl -4 https://ifconfig.me`

inarudisha anwani ya kampuni yako ya simu, tuseme 203.0.113.45. Sasa amri ile ile kwa kupitia chumbani:

`sudo ip netns exec chumba sudo -u $USER curl -4 https://ifconfig.me`

Inarudi 198.51.100.7, anwani ya seva. Dirisha ni lile lile, sekunde ni zile zile, na ukurasa wa benki uliofunguliwa kwenye kivinjari haukutikisika. Ile `sudo` ya pili iko kwa sababu kuingia chumbani kunadai ruhusa ya msimamizi, lakini hutaki programu yenyewe iendeshwe na msimamizi. Kwa hiyo unaingia kama mkuu, kisha unajishusha uwe wewe. Watu huisahau, halafu wanashangaa mbona faili walizopakua haziwezi kuhaririwa.

(Huenda amri hii ya curl ikakukwamia hapo hapo, kwa sababu ya DNS. Nakuja.)

Sasa fanya jaribio ambalo kwangu ndilo linaloonyesha thamani ya kitu hiki. Izime kadi: `sudo ip -n chumba link set wg0 down`. Rudia amri. Inakufa papo hapo. Haikurudi kimya kimya kwenye Wi-Fi, haikutuma hata pakiti moja kutoka anwani yako ya kweli, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kurudia. Programu nyingi za VPN zinajisifu kuwa na kinga ya kukata mtandao VPN ikianguka, na kinga hiyo kwa kawaida ni kanuni zilizoongezwa juu ya mtandao ulio wazi, ambazo zinaweza kuchelewa au kusahaulika. Hapa hakuna kanuni ya kusahaulika. Seva yenyewe ikizimika huko iliko, hutapata ujumbe wa kosa haraka hivyo. Amri itaning'inia tu ikisubiri hadi muda wake uishe. Lakini haitavuja.

Pakiti za IPv6 nazo, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, ambazo ni maarufu kwa kuponyoka VPN nyingi, hazina pa kuponyokea. Kama hukuiandikia IPv6 njia ndani ya chumba, haipo.

Panapovuja

Pa kwanza ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Faili ya `/etc/resolv.conf` inasema ni nani wa kuulizwa majina, na mara nyingi anayeulizwa ni huduma iliyo kwenye 127.0.0.53. Ndani ya chumba 127.0.0.53 hakuna mtu, kwa hiyo majina hayapatikani. Suluhisho ni kukipa chumba faili yake:

`sudo mkdir -p /etc/netns/chumba`
`echo "nameserver 10.8.0.1" | sudo tee /etc/netns/chumba/resolv.conf`

Faili yoyote iliyo kwenye folda hiyo huwekwa juu ya ile ya `/etc` kwa programu zinazoingizwa kwa `ip netns exec`. Kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, hilo kwa kawaida linatosha. Kwenye Fedora, aina nyingine, halitoshi, na hapa ndipo panapohitaji jicho. Fedora huja imepangwa kuuliza majina kwa systemd-resolved, huduma ya mfumo inayotafuta majina, kupitia soketi ya faili, si kupitia mtandao. Na nilishasema: faili hazijagawanywa. Programu iliyo chumbani inaifikia soketi hiyo bila kizuizi, inaomba jina, na systemd-resolved iliyo nje inaliulizia kwa DNS ya kampuni yako ya simu. Ukurasa unakuja kwa VPN, lakini majina ya kila ulichotembelea yamepita mlango wa nyumba kubwa. Hakuna kosa linalotokea kwenye kioo, kila kitu kinaonekana sawa. Dawa ni kunakili `nsswitch.conf` kwenye folda ile ile ya chumba na kuufanya mstari wa `hosts` usome `files dns` tu.

Pa pili ni Firefox. Una dirisha la Firefox limefunguliwa tangu asubuhi, kisha unaandika amri ya kuifungua Firefox kupitia chumba. Dirisha jipya linatokea, unafurahi. Lakini Firefox mpya ikiona kwamba nyingine inaendeshwa tayari kwa wasifu huo huo, huikabidhi kazi na kujiondokea. Dirisha ulilonalo ni la Firefox ya asubuhi, iliyo nje. Ifungue kwa wasifu tofauti, kwa `firefox --no-remote -P` na jina la wasifu, kisha uhakikishe kwa kuangalia anwani yako. Usiamini dirisha.

La tatu si la kuvuja, ni la kuchanganya. Mwandishi wa programu ana hifadhidata ya PostgreSQL kwenye kompyuta yake, anaiendesha skripti yake chumbani, na skripti inalalamika kwamba 127.0.0.1 haijibu. Ni sawa: 127.0.0.1 ya chumbani si ile ya nje. Akiunganisha kwa soketi ya faili badala ya anwani, inafanya kazi, kwa sababu ile ile iliyotuletea balaa la Fedora.

Na kwa wanaoendesha huduma za systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) zisizo na mtu wa kuandika amri: weka `NetworkNamespacePath=/run/netns/chumba` kwenye faili ya huduma. Ila hapo folda ya `/etc/netns` haihesabiwi, ni `ip netns exec` tu ndiyo inayoijua, kwa hiyo `resolv.conf` itabidi uiingize mwenyewe kwa `BindReadOnlyPaths`.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Kwamba VPN itakuvusha intaneti ikizimwa. Kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021 hadi tarehe 18, intaneti ya Uganda ilizimwa nzima, na hakuna VPN iliyomsaidia mtu aliyetegemea laini yake ya kawaida. Kufunga tovuti na kuzima mtandao ni mambo mawili. VPN inahitaji barabara ya kupitia. Barabara isipokuwapo, hakuna cha kusimba.

Kwamba VPN inapunguza matumizi ya bando. Inayaongeza. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti ya IPv4, na kwa pakiti kubwa ya baiti 1500 hiyo ni kama asilimia 4. Ule ushuru wa asilimia 12 haukwepeki nao, umo ndani ya bei ya bando. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda amri moja kuliko kompyuta nzima: masasisho ya Ubuntu ya mega mia kadhaa hayana haja ya kuzungukia Ulaya ndipo yafike Kampala.

Kwamba kompyuta iliyounganishwa na hotspoti ya simu yenye VPN nayo imo ndani ya VPN. Hili nimelisikia kwa watu wanaojua mambo. Kwenye Android ya kawaida, VPN ya simu ni ya programu za simu. Kinachopita kwa hotspoti huenda moja kwa moja kwa mtandao wa kampuni ya simu. Pima mwenyewe kwa ile amri ya curl kabla ya kubishana.

Kwamba ukiwa ndani hujulikani. Kampuni ya simu haioni unachosoma, lakini inaona kwamba laini fulani, iliyosajiliwa kwa kitambulisho fulani, iliwasiliana na seva fulani saa fulani. Mwenye VPN naye anaona unakokwenda. Umemhamishia imani uliyokuwa umeikatalia kampuni ya simu, na kama programu yake ni ya bure, jiulize anakula nini. Ukishaingia kwenye akaunti yako umejitaja mwenyewe, iwe chumbani au nje. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaangalia ulichofanya, haiulizi ulipitia mlango gani.

Kwamba zana kama `proxychains` na `torsocks` zinafanya kazi hii hii. Zinafanana kwa mbali tu. Hizo huiomba programu ibadilishe tabia, kwa kuingiza kipande cha kodi kati ya programu na maktaba za mfumo. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go mara nyingi haitumii maktaba hizo, kwa hiyo ombi halimfikii mtu na trafiki inapita nje kama kawaida. Chumba hakiombi.

Na kwamba chumba ni gereza. Hapana. Programu inayoendeshwa na msimamizi inaweza kutoka kwa amri moja ya `nsenter` na kurudi kwenye mtandao mkuu. Chumba kimejengwa kuzuia ajali na usahaulifu. Programu yenye nia mbaya na ruhusa ya msimamizi haizuiliki hapo; usiitumie njia hii kufungia virusi.

Kwa anayetumia kompyuta kwa YouTube na barua pepe, sioni sababu ya haya yote. VPN ya kawaida itamtosha, na akitaka benki ataizima kwa dakika tano. Njia hii inamfaa anayejua kutaja kwa jina programu anazotaka zipite kwenye VPN, na ambaye zikipita pengine atapata hasara: kazi ya mteja itakataliwa, au chanzo cha habari kitajulikana.

Vyumba havidumu. Vinakaa kwenye `/run/netns`, ambayo hufutika kompyuta inapozimwa, kwa hiyo amri ya kujenga chumba na zile saba za kutia mlango ziweke kwenye skripti moja ili uzirudie asubuhi. Ukitaka kukiondoa kabla ya hapo ni `sudo ip netns del chumba`, lakini andika kwanza `sudo ip netns pids chumba` uone nani yumo. Ukikifuta na programu ingali ndani, jina pekee ndilo linalofutika. Chumba chenyewe kinaendelea kuwapo pamoja na wg0 yake hadi programu ya mwisho itoke, na wewe huna tena jina la kukiitia.